Nyumba ya Mzee Juu ya Meza

Mume wangu ni fundi keki. Nikisema hivyo watu husubiri nijisahihishe, niseme fundi magari au fundi bomba. Sijakosea. Ni fundi keki, na kabla ya hapo alikuwa fundi mwashi, na mikono ni ile ile. Ukiletewa keki yake yenye harusi nzima juu, bibi harusi ana kope, bwana harusi ana mfuko wa shati, halafu ukaonyeshwa aliyeitengeneza, limtu lenye mabega ya kuziba mlango na viganja vilivyochunwa na saruji, utaomba maji ya kunywa kwanza.

Mwenye kuoka nilikuwa mimi. Keki za kawaida tu, za mviringo, za kuuzia majirani. Yeye hakujua hata sufuria zinakaa wapi. Halafu jukwaa la ujenzi likaachia upande mmoja, akashuka nalo, nyonga ikavunjika. Hospitali walifanya kazi yao, wakamuunga, lakini daktari akamwambia habari za kupanda juu azisahau. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kesho kutakuwa na mawingu. Mimi nilijifungia bafuni nikalia, nikanawa uso, nikatoka kupika, maana machozi hayashibishi mtu.

Siku hizo alikuwa analala sebuleni kwenye kochi, mguu juu ya mito, na mimi nasukuma fondanti mezani mbele ya macho yake. Kama hujawahi kuishika, fondanti ni sukari iliyokandwa mpaka ikawa laini kama donge la unga. Unaisukuma iwe nyembamba, unaivalisha keki, na ikikaa vizuri keki inapata ngozi nyororo isiyo na kovu. Yangu ilikuwa haikai. Inapasuka pembeni, inajikunja chini kama soksi iliyolegea, na mimi nalaani peke yangu. Yeye ananitazama, ananitazama tena. Mwisho akasema, "Mama watoto, unaipaka kwa woga."

"Njoo upake wewe basi, bingwa," nikamjibu. Nilikuwa na hasira, na sikudhani atainuka.

Akainuka. Akajikokota na fimbo yake mpaka mezani, akanawa mikono, akaipokea ile fondanti juu ya viganja, akaitandaza. Akaisugua pembeni kwa upande wa mkono, taratibu, akashusha kisu chini kuzunguka kama anavyokata plasta kwenye kona ya dirisha. Keki ikatulia. Nilinuna siku nzima. Kesho yake nikampa nyingine.

Usidhani alianza na ubingwa. Keki yake ya kwanza mwenyewe ilikuwa gari la zimamoto la mtoto wa jirani. Niliiacha imekamilika nikaenda sokoni. Huku nyuma bwana mkubwa akaona fondanti inaanza kukauka na kufanya nyufa ndogo ndogo, na kwa fundi wa plasta dawa ya nyufa inajulikana: ukuta mpya unanyweshwa maji. Basi akachukua maji, akainyunyizia keki. Akaona imekunywa, akainyunyizia tena. Niliporudi, magurudumu yalikuwa yameyeyuka yakalala juu ya ubao, ngazi imelegea, na rangi nyekundu inachuruzika mpaka sakafuni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka kuwa sherehe ni jioni ile ile, kicheko kikakatika.

Yeye hakucheka wala hakujitetea. Alisimama pale akaitazama, akasema, "Kumbe hii ni kinyume. Saruji inataka maji, hii maji ni sumu yake." Akaifagia yote kwenye ndoo, akaanza upya tangu kupasua mayai. Gari lilitoka mlangoni kwetu wageni wakiwa wameshakaa vitini, lakini lilitoka.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema. Lakini anayesema hivyo hajawahi kuwaona mafundi waliokuwa wakipanda jukwaa na mume wangu wakipita dirishani kumchungulia. Walimwita Fundi Krimu. Walimuuliza kama siku hizi anavaa aproni ya maua. Alikuwa anavaa, na ilikuwa yangu. Alisema anaipendea mifuko yake, akaendelea kuchonga.

Na alichonga. Aliyestaafu udereva alipata lori, cherehani ilikwenda kwa fundi nguo, watoto walipata wanyama wa kila namna. Kila tabaka la keki analiwekea pima maji kuona kama limelala sawa, ile ya kwenda nayo kazini, ameisafisha kwa maji ya moto mpaka namba zimefutika. Ndani ya sanamu zake haweki vijiti vya meno kushikilia shingo na mikono, anaweka tambi kavu. "Mtoto ataing'ata tu," anasema, "na akiing'ata asitoke damu." Siku moja mteja alileta picha ya mumewe, akaomba kwenye keki apunguzwe tumbo. Mume wangu akaitazama ile picha kwa heshima zote, akasema, "Mama, nikimpunguza, wageni watauliza umeolewa na nani." Mama yule alicheka mpaka akashika meza, na tumbo likabaki.

Haya yote niliyaweza. Maneno ya mtaani yananipita. Lililonichoma ni la baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa fundi wa mafundi. Ndiye aliyemfundisha mume wangu kushika mwiko, na kwake kamba na timazi ya kunyooshea ukuta vilikuwa karibu na sala. Alipita kwenye nyumba za watu, akiona ukuta umekwenda upande anasimama, anauliza uliujenga wewe au ulijijenga. Aliposikia kwamba mwanawe anatengeneza keki alikuja kwetu, akakaa, chai hakuigusa. Juu ya meza kulikuwa na keki ya mteja yenye maua. Akaitazama sana.

"Mwanangu," akasema, "fundi akifa, kazi yake inabaki imesimama. Kuna kuta nilizijenga wewe hujazaliwa, leo watu wanaziegemea. Wewe unajenga kitu ambacho kesho asubuhi kiko chooni."

Jibu lilikuwa limeshanifika kwenye ncha ya ulimi. Nikaliuma. Mkwe ni mkwe.

Tangu siku hiyo, mzee hakula keki ya mwanawe. Tuelewane hapa: hakukuwa na ugomvi. Alikuja kwenye sherehe zetu zote, akawabeba wajukuu, akauliza nyonga inaendeleaje, akala chakula akasifu mpishi. Keki ikiletwa, anafuta midomo, anasema, "Nimeshiba." Kila sherehe mume wangu anamkatia kipande kizuri, anakiweka mbele yake, na kila sherehe kipande kinabaki vile vile mpaka nzi wanakigundua. Aliyekuwa anakitoa ni mimi, na nilikitoa huku nimekunja uso makusudi, mtu aone.

"Si uache?" nilimwambia mume wangu siku moja. "Mtu mzima hataki, unamlazimisha nini? Unataka akusifu?"

"Sitaki anisifu," akasema. "Nataka ale."

"Na asipokula?"

"Nitaoka tena."

Ndivyo alivyo. Hapigi kelele, hapigi meza. Anarudia tu, kama mtu anayesugua ukuta kwa msasa, mpaka wewe mwenye haraka unachoka kumtazama.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo palipo na donda lenyewe. Yule mzee wa kazi-inabaki-imesimama, nyumba yake mwenyewe haikubaki. Aliijenga kwa mikono yake alipooa, wanawe wote walizaliwa humo. Barabara ilipotaka kupanuliwa, ikachorwa alama ukutani, na siku moja yeye akiwa kazini, anamjengea mtu mwingine, mtambo wa kubomolea ukaja. Alirudi jioni akakuta kifusi, na mkewe amekaa juu ya godoro nje na sufuria zake. Mimi nilikuwa sijaolewa bado, nayasimulia kama nilivyosimuliwa. Baada ya hapo walihamia kwa wifi yangu mkubwa, mama mkwe akafia huko, na mzee hakuwahi kuitaja nyumba ile tena. Nasi hatukuitaja. Ukipita barabara ile pamoja naye, anatazama upande wa pili.

Basi mzee akakaribia kutimiza miaka themanini. Wifi mkubwa akatuita kwake kupanga. Wifi yangu na mimi hatupatani sana, yeye anaamini nimemlegeza kaka yake na mimi naamini anajiona mama wa kila mtu, lakini siku hiyo alisema neno la maana. Alisema keki iagizwe dukani. "Ni siku ya mzee. Tusimwekee mbele kitu cha kumkwaza."

"Keki nafanya mimi," mume wangu akasema.

"Utafanya keki gani ambayo mzee ataila?"

"Nitafanya nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ile."

Wifi akaweka kikombe chini. "Una wazimu wewe," akamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu niingie ukoo ule nilikuwa upande wa wifi. Nilimwambia mume wangu njiani, nikamwambia nyumbani, nikamwambia tena asubuhi na mswaki mdomoni. Mtu hajashikwa kidonda chake miaka yote hiyo, wewe unakwenda kukishika mbele ya wageni. Akaniacha nikamaliza. Akasema, "Maji nimeshayavulia nguo," akaenda kununua sukari.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba picha ya nyumba haikuwepo. Ilikuwepo moja tu ya watu wamejipanga mbele ya mlango, na mlango wenyewe umezibwa na shangazi mnene. Basi ikabidi ikumbukwe. Wifi akaja kwetu, bado amenuna, mume wangu akamwaga unga mezani, akachora ramani kwa kidole. Mlango hapa. Jiko hapa. Wifi akasema hapana, jiko lilikuwa kushoto. Wakabishana. Wifi akaufuta unga kwa kiganja, akachora upya, na katika kuchora akafika kwenye pembe ya chumba cha wazazi, akasimama, akaanza kulia. Alilia sana, akajifuta kwa mkono wenye unga, kisha akajiona kwenye kioo cha kabati akacheka. Tangu siku hiyo alikuwa anapiga simu kila anapokumbuka kitu. Kizingiti kilikuwa kimelika katikati. Dirisha la wavulana lilikuwa na kioo chenye ufa. Simu inaita, nami nimeshika mwiko wa kukorogea, "Wifi, mwambie mlango wa jikoni ulikuwa wa kijani, si bluu." Nikajikuta namjibu, "Kijani kipi, wifi?" Watu wawili tuliokuwa tunasalimiana kwa kulazimishwa.

Nyumba ile ilijengwa kama nyumba. Mume wangu alikataa kuoka keki moja kubwa halafu aichonge, alisema nyumba yenye vyumba si jiwe. Akaoka kila chumba keki yake. Kuta akazikata kwenye fondanti iliyokandwa na ute wa yai ili ikakamae, akazilaza juu ya kabati zikauke. Wakati huo wote hakuna aliyeruhusiwa kuchemsha kitu ndani, kwa sababu ya mvuke, tukawa tunapikia uani na watoto wanatembea kwa kunyata kama wezi. Bati la paa akalipata kwa kulaza fondanti nyembamba juu ya sindano zangu za kufumia, zimepangwa ubavu kwa ubavu, mpaka likashika migongo ya bati. Hakuniuliza. Nilizitafuta sindano zangu nyumba nzima.

Palitokea ubishi mmoja mkubwa. Alipokuwa anasimamisha ukuta wa nyuma, wa chumba cha wavulana, nikaona umelala kidogo kwa nje. Nikamwambia. Akasema anajua.

"Unajua na unauacha?"

"Ulikuwa hivyo."

Hapo nikapandisha hasira. Nikamuuliza kama ana akili timamu: baba yake ni mtu wa timazi, ametukana kuta za mji mzima, halafu anamletea ukuta mbovu siku yake ya kuzaliwa na kumwambia ni wa kwake? "Unyooshe," nikasema. "Nani atajua?"

"Nikiunyoosha, hiyo ni nyumba ya mtu mwingine," akasema, akaupaka ute wa yai chini, akaushikilia umelala vile vile mpaka ukashika.

Cha mwisho kilikuwa mama. Wifi aliomba mama yao awekwe mlangoni. Mume wangu, ambaye kwa kipande cha fondanti na ncha ya kisu anakutolea sura ya mtu asiyemjua, alikaa na donge lile mkononi akashindwa. Mwisho akamtengeneza akiwa ameinama anafagia, amewapa watu mgongo. "Uso wake siuwezi," akaniambia. Lakini wifi alipouona tu mgongo ule, na namna kitambaa cha kichwani kilivyofungwa, akasema, "Ni yeye." Akatoka nje.

Siku yenyewe sebule ya wifi ilijaa. Wana, wajukuu, majirani, na baadhi ya mafundi wa zamani wa mzee. Mzee alikaa mbele na shati jipya lenye alama za kukunjwa. Tukala. Kisha mume wangu na shemeji yangu mmoja wakaileta meza na keki juu yake, imefunikwa shuka, na shuka likatolewa.

Mzee aliinuka. Akasogea, mikono nyuma, kama alivyokuwa anakagua kazi za watu. Akainama mlangoni, penye mgongo wa mkewe, akakaa hapo muda. Akaenda jikoni, akaenda dirishani. Akazunguka meza yote. Alipofika nyuma akasimama, akafumba jicho moja. Nikasema moyoni, haya, tumekwisha.

"Huu ukuta umeinama," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Umekushinda au umeuinamisha?"

"Nimeuinamisha. Ndivyo ulivyokuwa."

Mzee akamtazama. "Wewe ulijuaje? Niliuficha na plasta."

"Kabati letu lilikuwa linaugusa chini, juu linabaki na nafasi. Nilikuwa natumbukiza humo karatasi za mitihani niliyofeli."

Mafundi wa zamani ndio walioanza kucheka. Mzee hakucheka, lakini uso ulilegea. "Nilikuwa na haraka," akasema, si kwa mwanawe tu, kwa watu wote. "Mvua inakuja, mama yenu siku zake zimefika. Niliupandisha bila timazi."

"Siku za nani hizo?" wifi akauliza.

"Zako," mzee akasema. "Wewe ulikuwa hunisubiri."

Wifi akainama kuutazama ule ukuta kana kwamba ndio kwanza anauona. Watu wakacheka tena, hewa ikarudi ndani ya chumba, na watoto wakaanza kusogea. Nikasema sasa mambo yamenyooka. Wifi akafungua kisu kirefu kwenye kitambaa chake, akaja nacho mezani.

Mzee akaweka mkono juu ya paa. "Msiiguse."

"Baba, ni keki," wifi akasema taratibu.

"Nimesema msiiguse. Imebomolewa mara moja, inatosha."

Nilimtazama mume wangu, na nilivyomtazama nikaelewa tulichokifanya. Miaka yote alitaka kitu kimoja, baba yake ale. Na kwa kukitaka sana amekwenda kujenga keki moja tu duniani ambayo mzee hawezi kuila. Ningeweza kuliona hilo. Nilikuwa nimeshughulika na ukuta.

Mume wangu akapita katikati ya watu, anachechemea, akamnyang'anya dada yake kile kisu. Nilidhani atabembeleza. Nilidhani labda atamwambia kwamba keki isipoliwa inaota ukungu, kwa sababu ndiyo kauli yake kwa wateja wanaotaka kuhifadhi. Hakusema hivyo. Alikilaza kisu mezani, mpini upande wa baba yake.

"Siku ile hukuulizwa, baba," akasema. "Leo unaulizwa. Ukisema ibaki, tutaifunika ibaki, hakuna mtu atakayeigusa, iharibike yenyewe. Ukisema iliwe, italiwa. Nyumba ni yako."

Akarudi akasimama ukutani, kwa sababu nyonga ilikuwa inamuuma. Najua inamuuma akibana midomo vile. Nilitaka kwenda kumshika mkono, lakini nilijua hataki.

Mzee akaketi. Alikaa, anaitazama nyumba. Mjukuu mmoja wa kike, mdogo, akamuuliza mama yake kwa sauti kama keki ni ya kuangalia tu, akafumbwa mdomo.

"Nyumba haibomolewi vile walivyofanya," mzee akasema mwisho. Alikuwa anaongea polepole, na nadhani ndiyo mara ya kwanza wanawe kumsikia akiyataja. "Wale walianzia ukutani, na mtambo. Kila kitu kikasagika. Bati likapinda, fremu zikavunjika, hakikubaki cha kutumika. Nyumba ya mtu ina utaratibu wa kuishusha. Unatoa watu kwanza."

Akainua ile sanamu ya mkewe kwa vidole viwili, akaiweka kwenye kisosi, karibu na mkono wake.

"Halafu paa," akasema.

Akaanza. Alilinyanyua bati moja moja kutoka juu, bila kuvunja hata moja, na kila bati alilolitoa alilikabidhi kwa mjukuu, kwa zamu, wakubwa kwa wadogo. Watoto walisimama mstari, wameshika bati la sukari kwa mikono miwili. Akang'oa milango. Ule wa kijani akampa wifi. Madirisha akawapa wale mafundi wa zamani, akamwambia mmoja wao achunguze, kioo kina ufa, asije akamlaumu. Hapo ndipo akachukua kisu. Alikata vyumba kimoja kimoja, kwa mstari ulionyooka ajabu kwa mkono wa umri ule, na kila chumba kikaenda kwa mtu wake. Cha wazazi kwa kitinda mimba, aliyezaliwa humo wa mwisho. Jiko kwa wifi, kuongezea ule mlango.

Mimi nilikuwa nimeshika sahani za kugawa, sitegemei kitu. Mzee akaniita.

"Wewe mama, hukuikuta nyumba yangu," akasema. "Uliolewa mtoto wangu hana kwao. Chukua sebule. Karibu ndani."

Nikaweka sahani mezani, nikapokea kwa mikono miwili.

Kilibaki chumba cha wavulana. Mzee akakikata katikati. Nusu akaiweka kwenye sahani akainua macho kumtafuta mwanawe, na mume wangu akaja. Nusu ya pili akaiacha mbele yake mwenyewe. Watu wote walikuwa wanajifanya wanakula. Mzee akamega kipande cha ukuta, akakitia mdomoni, akatafuna kwa meno yake machache, hana haraka. Akameza.

"Sukari imezidi," akasema.

"Nitapunguza, baba."

Mzee akamega tena, kipande kikubwa zaidi, na krimu ikamshika kwenye ndevu. "Nani amekwambia upunguze?" akasema.

Mume wangu akavuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa, mguu mbovu ameunyoosha mbele, wakaendelea kula.